Kugema mnazi bila dawa: tembo la leo, siki ya mwezi ujao

Kwetu kotama, kisu cha mgema, ndio husikika kwanza, kabla ya jogoo. Baba anamwaga mchanga mkavu kidogo juu ya kipande cha ubao, anasugua kisu kwenda na kurudi mpaka akikipitisha kwenye mkono kinanyoa malaika, alafu anajifunga kibuyu kiunoni anapanda, saa kumi na moja na nusu bado kuna kiza.

Mi nimezaliwa Kakuyuni, ndani kidogo ukitoka Malindi, na nyumba yetu imejengwa na imesomesha kwa mnazi, na hapa Pwani nikisema mnazi kila mtu anajua nazungumzia mti na kinywaji kwa pamoja. Siku hizi naulizwa sana na vijana waliorithi mashamba ya babu zao na hawajui waanzie wapi, wengine washaanza kukata minazi wauze mbao, kwa hivyo naandika hapa vile sisi tunafanya, toka kuchagua mti mpaka siki kuingia kwenye chupa, bila dawa ya duka kwenye mti na bila kuongeza kitu chochote kwenye tembo, yaani hicho kinywaji chenyewe.

Kabla sijaendelea, ukishika neno moja tu shika hili: tembo ni saa. Tone likishatoka kwenye mnazi halisimami, alfajiri ni tamu kama maji ya muwa, saa saba mchana limeshachemka lina povu na lina nguvu, kesho yake ni kali la kukunja uso, na baada ya siku kadhaa linaanza safari ya kuwa siki utake usitake. Kuna mzee mmoja wa Kiitaliano hapo Malindi mjini hununua siki kwangu, kwao walikuwa na shamba la mizabibu la familia, aliniambia wao huvuna mara moja kwa mwaka, wanakamua zabibu, mvinyo unawekwa kwenye mapipa na kungojewa miezi, saa zingine miaka. Sisi tunavuna mara mbili kwa siku, na kilichovunwa asubuhi ikifika jioni ni kitu kingine kabisa. Kwa hivyo kazi hii si kupanda tu, ni kujua kila lita iko saa ngapi na inafaa iende wapi. Familia nyingi zinapoteza pesa hapo, wanang'ang'ana kuuza tembo la jana kama la leo wakati hilo la jana lingekuwa siki nzuri sana.

Tuanze na mti. Mnazi wetu mrefu wa asili huanza kuzaa mwaka wa sita au wa saba na ukiutunza utakuzika, manake unaishi miaka 60 na zaidi. Usigeme mti ulioanza kuzaa juzi, uache ushike nguvu kwanza. Simama chini uangalie kichwa chake, majani yawe mengi yamezunguka pande zote, ya chini yawe bado kijani, na makole, yale mashada ya nazi, yawe yamejaa, mnazi ambao hata nazi unazaa kwa shida hauwezi kukupa tembo. Mti wenye afya hutoa jani jipya karibu kila mwezi na kila jani lina karara lake kwapani, lile ganda lenye maua ndani, kwa hivyo kwa mwaka unahesabu makarara 12 mpaka 14 hivi. Na lazima ujue hesabu hii mapema: karara ulilogema halitakupa nazi hata moja. Sisi tuna minazi 34, tunagema 14 na iliyobaki ni ya nazi, alafu baada ya miezi sita hivi tunabadilisha, ile iliyogemwa inapumzika inazaa. Jirani yetu mmoja aligema shamba lote mwaka mzima bila kupumzisha, mwaka uliofuata vichwa vya minazi vikawa vyembamba kama fagio na mpaka leo haijarudi sawa.

Kuhusu kupanda, wazee wengi walikata vidato kwenye shina na hadi leo utaiona minazi ya zamani ina ngazi toka chini mpaka juu. Ukiweza usikate. Kila kidato ni kidonda, maji ya mvua yanakaa mle, panaoza, na wadudu wanapata mlango. Baba ana umri wa miaka zaidi ya sitini na anapanda kwa kamba ya miguuni tu, na ile minazi ambayo ina vidato vya babu tunaitumia hivyo hivyo lakini mipya hatukati. Na sheria ya nyumbani kwetu ni kwamba mgema haonji kabla ya kupanda, hata funda moja, na mvua ikinyesha usiku hapandi mpaka shina likauke kidogo hata kama tembo litamwagika. Binamu yangu alianguka mwezi wa tano, wakati wa mvua za mwaka, alikuwa na haraka ya mteja. Alivunjika nyonga, na miezi minane kitandani hakuna tembo linaloweza kuilipa. Hilo tembo liache limwagike jamani.

Sasa karara lenyewe, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo ujuzi wote uko.

Unachagua karara ambalo bado limefungwa, limeshiba, liko karibu kupasuka lakini halijapasuka. Ukilishika pale chini utahisi limevimba, vile vijinazi vichanga ndani ndio vimeanza kunenepa. Ukiwahi sana halitoi, ukichelewa limeshafunguka na kazi imeisha. Baba analigonga kwa kucha na kusikiliza, mimi nilichukua miaka kujua anasikiliza nini: lililo tayari lina sauti nzito, lililo changa linalia kama kibati. Ukishalipata unachukua ukuti mbichi, unauchana vipande vyembamba, unafunga karara toka chini kwenda juu, mzunguko kwa mzunguko, umeshikana kama vile unamfunga mtu bendeji, ili lisipate nafasi ya kujifungua. Alafu unakata ncha kidogo tu, kama urefu wa kidole gumba.

Siku hio hutapata kitu na usikate tamaa. Kila asubuhi na jioni unarudi, unakata kipande chembamba, unaligongagonga ubavuni kwa mpini wa kisu polepole, si kuliponda, ni kama kumwamsha mtoto, alafu unalivuta chini kidogo kwa kamba uliyofunga kwenye kuti la chini yake. Leo kidogo, kesho kidogo. Ukilivuta kwa nguvu siku moja litavunjika pale shingoni na umelipoteza. Baada ya wiki moja au mbili litakuwa limeinama ncha inaangalia chini na matone yanaanza, kwanza moja moja, alafu yanafuatana. Hapo ndio unatundika kibuyu.

Kile kipande unachokata kila safari kiwe chembamba, uweze kuona mwanga kwa upande wa pili. Nakumbuka kaka yangu alipokuwa anajifunza alishuka na vipande vyake mfukoni kumwonyesha baba, baba akavipanga juu ya ubao kimoja kimoja akamwambia, "Mwanangu, hiki ni cha siku moja, hiki ni cha siku tatu, na hiki hapa umekula wiki nzima." Kaka akanyamaza akachukua ubao na mchanga akaanza kunoa upya. Manake karara ndio akiba yako, ukikata vinene litaisha kwa wiki tatu, ukikata vyembamba litakupa zaidi ya mwezi. Na kisu butu ni kibaya zaidi ya mkono mzito, kwa sababu hakikati, kinasaga, na pale paliposagwa panaziba, tembo linapungua na linaanza kunuka. Mnazi mmoja mzuri ukiwa na makarara mawili yanayotoka utakupa lita moja mpaka mbili kwa siku, wakati wa mvua zaidi, kiangazi cha kaskazi kinapokaza unapungua na hakuna la kufanya, mwagilia kama una maji.

Hio hadithi ya dawa sasa. Mdudu mkubwa wa mnazi hapa kwetu ni chonga, yule mweusi mwenye pembe, anatoboa moyo wa mnazi usiku na jani likifunguka unaona limekatwa kama kwa mkasi, umbo la feni. Watu wanamwaga dawa za duka kwenye makwapa ya majani. Fikiria basi, karara liko palepale kwapani, limekatwa liko wazi, na linadondokea kibuyu ambacho mtu atakunywa mchana wa siku hio hio, hakuna kuosha wala kumenya wala kupika katikati. Ndio sababu sisi hatuweki kitu. Baba anapanda na waya mgumu wenye ncha iliyopindwa kama ndoana, akiona tundu lenye machicha mabichi anaingiza, anamvuta chonga nje. Alafu anajaza kwapa mchanga uliochanganywa na jivu. Ile miti michanga tunapitia kila wiki.

Lakini vita vya kweli na chonga viko chini si juu. Anataga mayai kwenye magogo ya minazi iliyooza na kwenye rundo la samadi lililokaa. Ukiwa na mnazi umeanguka nyuma ya nyumba na umeuacha miaka mitatu, wewe ndio unafuga chonga wa kijiji kizima. Sisi gogo tunapasua tunakausha linakuwa kuni, na samadi ya ng'ombe inageuzwa kwa jembe kila baada ya wiki chache, na yale mabuu meupe manene yaliyojikunja, saa zingine makubwa kama kidole gumba, kuku wanakuwa washapanga foleni. Samadi hio hio ndio mbolea, tunachimba mzingo kuzunguka mnazi, umbali wa hatua mbili hivi toka shina, tunaweka mwanzo wa mvua tunafunika na makuti na makumbi ya nazi. Katikati ya minazi kuna kunde na mihogo.

Alafu kuna majimoto, wale chungu wekundu wanaoshona majani. Mgema yeyote atakwambia anawachukia, wanauma na wanaingia kila mahali. Lakini ndio walinzi wa nazi, wanamfukuza yule mdudu anayefyonza vidaka, zile nazi changa, mpaka vinapukutika, na shamba ambalo majimoto wamemalizwa kwa moto na dawa utaona vidaka vimejaa chini. Sisi tumeamua hivi: minazi ya nazi majimoto wanaachwa, hata tunawafungia kamba toka mti hadi mti wapite, na ile 14 ya tembo kwa msimu huo tunakata makuti yanayogusana na mingine ili wasivuke. Haizuii wote. Baba akiumwa anasema ni kodi.

Tembo likishuka ndio saa inaanza kuhesabu, na hapa ni kazi ya mama, yangu na watoto. Jambo la kwanza ni chombo. Kibuyu kilichobaki na mashapu ya jana ni hamira tayari, tone la kwanza likigusa pale linaanza kuchemka huko huko juu ya mti. Kama unataka tembo kali hilo si tatizo, wengine wanaacha mashapu makusudi. Lakini kama unataka tembo tamu lazima kibuyu kioshwe, kimwagiwe maji yanayochemka, kikaushwe juani kabla ya kurudi juu, kila siku, si mara moja kwa wiki. Tuna seti mbili, moja iko juu ya mti nyingine iko kwenye uchanja inakauka. Na tafadhali sana usitumie jerikeni iliyokuwa na dawa, mafuta ya gari au rangi, hata ukiiosha mara kumi, kinywaji kilicho na ukali kinaitoa ile harufu iliyokunywewa na plastiki na kuipeleka kwa mteja.

Tunachuja mara mbili, kwanza kwa kifumbu kutoa nyuki na vipande vya ukuti, nyuki wanakuwa wengi kweli wamekufa kwa raha zao, alafu kwa kitambaa cha bafta kilichochemshwa. Tembo safi la alfajiri ni jeupe kidogo kama maji yaliyooshea mchele na halina povu la kuongeleka. Wanaotaka tembo tamu wanajulikana, kuna mama wawili wa vitumbua na bwana mmoja mwenye kibanda, hao tunawapelekea kabla ya saa mbili likiwa ndani ya barafu, ile barafu ya wavuvi, tunanunua jioni tunaiweka kwenye kontena lenye mfuniko pamoja na maganda ya mbao isiyeyuke haraka. Baridi hailisimamishi kabisa lakini inalichelewesha. Bibi yangu, Mungu amrehemu, hakuwahi kununua hamira, unga wa vitumbua aliuumua kwa tembo tamu jioni, asubuhi umepanda mpaka unasukuma sahani, na ile ladha yake sijaipata kwenye hamira ya pakiti.

Linalobaki ndio la wanywaji. Kuanzia saa nne linakuwa na uhai, mchana limekamilika, kileo chake kama cha bia au zaidi kidogo, na hapo ndipo linapotakiwa kunywewa. Usifunge mfuniko kabisa. Narudia, usikaze mfuniko, hilo povu ni hewa inayotafuta njia, na mimi nimelipia somo hili. Kuna hoteli moja iliniagiza chupa ishirini, nikataka zionekane nadhifu nikazikaza zote, mbili zikapasuka kwenye jiko lao kabla ya chakula cha mchana na vioo vikaingia kwenye kachumbari. Walirudisha zote na walikuwa na haki. Tangu hapo tembo likienda mbali linaenda kwenye jerikeni yenye mfuniko uliolegezwa na kipande cha kumbi la nazi kimezibwa juu, kama wazee walivyofanya.

Kwenye kuuza nitasema mafupi. Kileo ni kileo hata kama kimetoka juu ya mti, kuna Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010, na laiseni za vileo ni kazi ya serikali ya kaunti kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba, kwa hivyo nenda ofisi ya kaunti uulize kabla hujafungua mangwe, yaani kilabu cha tembo, usingoje msako. Aliye chini ya miaka 18 haingii. Na usiongeze kitu: si sukari, si maji, si hamira ya duka, si vidonge vya kulifanya lipande kichwani haraka, watu wameumia. Wazee walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mimi nimeliona kwa macho, mchuuzi mmoja alikuwa anachukua lita arobaini kwetu anauza sitini, na lawama ya tumbo la watu ikarudi kwa baba. Tukaacha kumpa. Tulikaa miezi miwili tembo linabaki, na hio ndio miezi ambayo nilianza siki kwa bidii.

Kuna tembo jingine ambalo halina bei, la shughuli. Kijana akienda kuposa, kadzama, kile chombo cha tembo la posa, lazima itoke, na wakati wa kuwakumbuka koma, roho za wazee waliotangulia, tone la kwanza linaenda chini. Hilo baba anagema mti wake maalum na halichanganywi na la biashara.

Haya, siki. Ikifika jioni tembo lote ambalo halijauzwa linakuja kwangu, hakuna kujadiliana, hakuna kulala nalo uliuze kesho.

Kwanza liache limalize kuchemka. Naliweka kwenye ndoo ya plastiki ya chakula au mtungi wa udongo, nafunika kwa kulegeza, siku tano mpaka saba kwa joto letu la Malindi zinatosha. Utasikia linasema ssss, likinyamaza na mashapu yakatuama chini jeupe zito, tayari. Unalimimina polepole kwenye chombo kingine ukiacha mashapu. Usiwahishe hatua hii, sukari ikibaki ndani siki itakuwa legelege.

Hatua ya pili inataka hewa, na hapa watu wengi wanakosea kwa sababu wanafunga. Kileo kinatengenezwa bila hewa, siki inatengenezwa kwa hewa. Chukua chombo chenye mdomo mpana, jaza nusu au theluthi mbili tu ili uso uwe mkubwa, ongeza siki ya zamani isiyopashwa moto, kiasi cha robo, ikiwa na kipande cha ule utando unaoota juu ya siki. Funga mdomo kwa bafta na uzi ili vile vijinzi vidogo vya matunda visiingie, vitakuja tu, vinasikia harufu kutoka kwa jirani. Weka kivulini, mbali na moshi wa jiko, na usikitikise. Baada ya wiki utaona uso umefunikwa na ngozi laini, inanenepa mpaka inakuwa kama nyama ya dafu changa, ukiigusa inateleza. Sisi tunaiita mama wa siki. Ukitikisa chombo mama anazama na kazi inaanza upya. Nilikuwa nafunua kila siku kuangalia mpaka mama mzazi akanipiga marufuku.

Katikati ya safari itatoa harufu kali kama rangi ya kucha, usiimwage, inapita. Unachotakiwa kumwaga ni ikiota ukungu wa manyoya, wa kijani au mweusi, hapo mwaga yote na uchemshe chombo. Baada ya wiki nne mpaka nane onja kwa kijiko cha mti: ile pumzi ya pombe iwe imeisha na ukali uwe safi unaopanda puani. Nunua pia vile vipimo vya asidi kama unaweza, siki nyingi za dukani ziko asilimia 4 mpaka 5 na mnunuzi mkubwa atakuuliza.

Na jambo ambalo hakuna aliyeniambia, nikaharibu tembo la wiki mbili kabla sijaelewa: vyombo vya siki na vyombo vya tembo visikutane. Si kifumbu, si bafta, si ndoo, hata kibanda tofauti. Wale wadudu wasioonekana wa siki wakihamia kwenye vibuyu vya baba, tembo la asubuhi litakuwa chachu kabla ya saa sita na wateja wataondoka. Siki yangu iko upande wa pili wa ua, chini ya mwarobaini, na nikitoka huko naosha mikono kabla ya kushika kibuyu.

Ikishaiva naichuja, naipasha kwenye sufuria ya stili, si ya alumini kwa sababu asidi inaila, moto mdogo nyuzi 65 mpaka 70 kwa dakika chache bila kuchemka, alafu kwenye chupa za kioo zilizochemshwa. Hizi sasa unaweza kukaza mfuniko. Siki hii inakaa mwaka na zaidi na inazidi kutulia, kwa hivyo ndio kitu pekee kwenye shamba letu ambacho hakinikimbizi. Wanaochukua ni watengeneza achari ya maembe, wapishi wa hoteli, na kina mama wa Shela, wengine Waislamu wanaoichukua bila wasiwasi na wengine hawataki kwa sababu ilitoka kwenye tembo, nami nawaheshimu wote na kila anayeuliza namwambia ukweli imetoka wapi. Ukitaka kuiuza kwenye supamaketi utahitaji alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, na kama unataka kuandika oganiki kwenye lebo kuna kiwango cha Afrika Mashariki cha mwaka 2007 na alama yake ya Kilimohai, watu wa mtandao wa kilimo hai wa Kenya, KOAN, wanaelekeza, na vikundi vya wakulima vinaweza kukaguana vyenyewe kwa pamoja ikawa nafuu. Anza daftari leo, andika kila mnazi, umeweka nini na lini, bila daftari hakuna atakayekuamini.

Na ukimaliza kuchuja usiumalize mtungi. Acha robo ndani pamoja na mama wake, ile ambayo haijapashwa moto, mimina juu yake tembo lililonyamaza, polepole ubavuni ili ngozi isipasuke, funga bafta, alafu chukua kipande cha mkaa uandike tarehe ubavuni mwa mtungi.